Kipimo cha Dirishani

Mma Larona, yaani mama yake Larona kwa lugha ya kwetu, alikuwa na jicho la kupimia. Alikutazama umesimama, akakutazama ukigeuka, basi. Gauni likishashonwa lilikukaa kana kwamba ulizaliwa nalo. Kanda ya kupimia aliining'iniza shingoni ili wateja wasidhani wanafanyiwa mchezo. Kibanda chake cha bati kilikuwa karibu na reli, hapa Mahalapye, na mama yangu, jirani yake wa ukuta mmoja, hakuwahi kuvaa gauni la dukani.

Jicho hilo lilimfaa sana mwaka aliofiwa. Mumewe, fundi wa reli, alifariki mwezi wa tatu, na mkewe akavishwa nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni. Mjane aliye kwenye nguo nyeusi hampi mtu mkono, hamtazami mtu usoni, husema kwa sauti ya chini, na jua halizami akiwa njiani. Wateja waliendelea kuja. Walisimama mlangoni, akawapima kwa kuwaangalia kuanzia mabegani kushuka chini, na hakuna aliyerudisha nguo.

Mwaka ukaisha. Wifi yake mkubwa, Mma Kelebone, alikuwa aje kutoka Shoshong siku ya Jumamosi amvue nguo zile, maana dada wa marehemu ndiye anayefungua, tena kwa mikono yake. Serikali ikafunga nchi kwa ajili ya korona Alhamisi, siku mbili kabla. Barabara zikawa tupu, mabasi yakalala, na Mma Larona akabaki na weusi wake kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa ameshainua mguu avuke kizingiti.

Hilo angelivumilia. Lakini binti yake, Larona, alikuwa amerudi kujifungulia kwa mama, kama mabinti wote wanavyofanya, na wiki moja baadaye akapata mtoto wa kiume. Gogo likalazwa mbele ya chumba chake kuonyesha kwamba ndani mna mzazi, watu wasiingie hovyo. Wa kwanza asiyeruhusiwa kuingia alikuwa bibi mwenyewe. Mjane asiyevuliwa ana joto la msiba, wanasema. Akimgusa mtoto mchanga, mtoto huugua. Sijui kama Mma Larona aliamini hilo kwa moyo wake wote. Najua hakulivuka lile gogo.

Chuo kilikuwa kimefungwa nami nilikuwa nyumbani na vitabu vyangu, basi kazi ya kupeleka uji ndani ikawa yangu. Yeye alipika, mimi nikabeba. Kila asubuhi alisimama nje ya dirisha, Larona akamwinua mtoto nyuma ya kioo, na bibi akamsimulia mambo: sukari ilivyopanda bei, kuku aliyetaga juu ya cherehani, babu yake alivyokuwa akikoroma hadi mbwa wanabweka. Kisha alirudi kumshonea vijishati vya flana kwa kipimo cha dirishani. Vilipofika sita akavifungia sandukuni. Hakutaka mtu mwingine amvalishe mtoto kile cha kwanza.

Nchi ilifungwa Alhamisi, ikafunguliwa Alhamisi, wiki saba baadaye. Asubuhi hiyo, baridi ya mwezi wa tano ikiwa bado iko juu ya mabati, Mma Larona alinigongea.

"Onalenna, mwanangu, nisindikize stendi. Wifi yangu kasema atapanda basi la kwanza kama atapata kiti. Mimi nimekatazwa kutazama watu usoni, na leo nyuso zenyewe zimefunikwa. Niazime macho."

"Na asipopata kiti?"

"Basi nitaongea na dirisha hadi mtoto aote ndevu."

Tulitembea taratibu. Watu wote walikuwa wametoka, hata wasio na pa kwenda. Walisimama mbalimbali barabarani, kila mmoja na barakoa yake, wakaamkiana kwa kuinamisha kichwa na kuunganisha viganja kifuani, bila kupeana mikono. Wengine walisahau, wakanyoosha mkono, wakaurudisha mfukoni kwa aibu. Mma Larona aliwaona kwa pembe ya jicho, akacheka chini ya kitambaa.

"Wewe, mji mzima umefiwa na mume," akaninong'oneza. "Angalia, hata muuza nyama anaamkia kama mjane. Wangeniuliza, ningewafundisha. Mimi nina uzoefu wa mwaka na ushee."

Kwenye lango la stendi palikuwa na meza, daftari na mzee Rra Phuthego, mlinzi, akiwa na chupa ya dawa ya mikono. Alitunyunyizia kama mtu anayemwagilia mboga.

"Jina, namba ya simu, na unakotoka," akasema.

"Natoka nyumbani, Rra," akajibu Mma Larona kwa ile sauti yake ya chini. "Wewe ulikuwa wapi hata koti likakataa kufunga vifungo? Niletee nilitanue."

"Mjane gani huyu ana mdomo hivi?"

"Mdomo umefunikwa. Hujauona."

Rra Phuthego alicheka hadi barakoa ikamshuka puani, akatuambia tusimame kwenye msalaba wa chokaa. Misalaba ilichorwa chini, mmoja kila hatua mbili. Tukasimama.

Basi la Shoshong lilifika saa tatu na nusu likiwa na nusu ya watu. Mma Larona aliinamisha macho, akawa anaangalia miguu na mapindo ya nguo zinazoshuka. Ghafla alishika mkono wa sweta yangu. Pindo la kahawia lenye nyota nyeupe lilikuwa limekanyaga ngazi. Gauni hilo alilishona mwenyewe, kwa ajili ya wifi yake, miaka minne iliyopita. Hakuningoja niangalie uso. Alitoka msalabani, akapiga magoti kwenye vumbi, akasema, "Karibu, wifi yangu. Umefika, nami nimengoja."

"Mama, inuka," ikasema sauti ya mwanamke asiyezidi miaka thelathini. "Mimi naenda kliniki. Gauni hili nilipewa na bibi mmoja kijijini kwetu."

Mma Larona hakuinuka mara moja. Nilijua anachofikiri, kwa kuwa hadithi hiyo mtaa mzima unaijua: Mma Kelebone hakumtaka mke huyu. Alisema kaka yake ameoa cherehani. Gauni lile la kahawia lilikuwa la kuomba amani, na kumbe limegawiwa kama uji uliopoa.

"Bibi mwenyewe yupo?" nikauliza.

"Yupo nyuma, anagombana na konda."

Kweli tulisikia. "Kiti kile kimewekewa alama ya kutokaliwa, nami nimelipia kiti, sikulipia alama." Kisha akashuka mwanamke mrefu mwenye fimbo, barakoa mbili usoni, moja juu ya nyingine. Alisimama hatua tatu kutoka kwetu.

"Mke wa kaka yangu, usinisogelee," akasema. "Nesi kasema watu wa umri wangu tusiguse mtu. Twende."

Njiani alitangulia peke yake. Mma Larona alimfuata kwa nyuma, na safari hii alimtazama, nilimwona. Jicho la kupimia lilikuwa likishuka mabegani, kiunoni, likirudi juu.

"Wifi," akasema mwishowe. "Umepungua vidole vinne kila upande."

Mma Kelebone hakugeuka. "Tangu kaka azikwe, chakula hakipiti. Gauni lako likawa linaning'inia kama liko kwenye kamba. Kila nikilivaa linaniambia nilivyokuwa yeye akiwa hai. Nikalitoa. Ulitaka nilifanye nini?"

"Ungelileta nikalipunguza."

"Hukuwa unaguswa."

"Nisingekugusa. Ningeangalia tu."

Yule mwanamke mrefu alipunguza mwendo. Hakuomba radhi, na sidhani kama Mma Larona alizingojea. Lakini tulifika nyumbani wote watatu sambamba, ingawa mmoja alikuwa upande wa pili wa barabara.

Maji ya kuoga yalikuwa yameshachemka uani. Gauni jipya la buluu lenye maua meupe lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango tangu mwezi wa nne. Mma Larona aliketi kwenye mkeka, mgongo kwa wifi yake, mama yangu na mimi tukiwa mashahidi ukutani. Mma Kelebone akafungua mkoba, akatoa glovu za njano za kuoshea vyombo, akazivaa hadi viwikoni.

Mama yangu alikohoa ili asicheke, kisha akaogopa kwamba amekohoa.

Kinachoanza kuvuliwa ni kitambaa cha kichwa. Fundo lake lilikuwa limezoea kukaa pale. Lilikuwa limebana kama karanga. Glovu ziliteleza. Mma Kelebone alivuta, zikateleza. Akajaribu kucha, na kucha zilikuwa ndani ya mpira.

"Nani alifunga hili?"

"Wewe," akasema Mma Larona. "Siku ya mazishi. Nimekuwa nikikivua kitambaa na kukivaa bila kulifungua."

Mma Kelebone aliuma ncha ya glovu aivue kwa meno, akauma barakoa. Akavuta barakoa zote mbili chini ya kidevu, akang'oa glovu moja, kisha ya pili, akazitupa kwenye mkeka. Vidole vyake vilikuwa vyembamba. Vikaingia shingoni kwa mke wa kaka yake, vikatafuta ncha ya fundo, na nikaona mabega ya Mma Larona yakishtuka, kisha yakashuka polepole. Tangu mwezi wa tatu wa mwaka jana hakuna mtu aliyekuwa amemgusa.

"Shingo yako ina joto," akasema Mma Kelebone.

"La msiba hilo."

"La mtu tu," akajibu wifi yake, na fundo likafunguka.

Alioga. Akavaa buluu, akairudisha kanda yake shingoni. Mma Kelebone akamshika mkono, akamtoa nje hadi penye gogo, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika ndani, "Mzazi, kuna mgeni hapa. Ameshanawa."

Mma Larona alivuka. Mimi nilifuata na sanduku. Alipomchukua mtoto hakusema neno kwanza, na mtoto akakunja uso tayari kulia. Ndipo akamwambia kwamba sukari bado iko juu. Mtoto akanyamaza, akageuza kichwa kuelekea dirishani, akatafuta huko, kisha akarudi kwenye kidevu kilichokuwa kinasema.

Akamvalisha kijishati cha kwanza. Mkono uliishia katikati ya kigasha. Akajaribu cha pili. Vilevile.

"Nimekosea," akasema. Alilisema kama mtu aliyepewa zawadi. "Vidole viwili. Onalenna, umeona? Vyote sita."

"Amekua, mama," Larona akasema kutoka kitandani. "Wiki sita."

"Hapana. Kioo kilimpunguza."

Akavua kanda shingoni, akaunyoosha ule mkono mdogo juu ya goti lake, akaanza kumpima upya.