Joho la Farasi Nililoambiwa Nilishone Vibaya

Miaka ishirini na mbili nashona, na sijawahi kutukanwa kama siku ile mtunza farasi aliponiambia, "Fundi, hii nguo naomba uishone vibaya."

Nilimwangalia toka kofia hadi gambuti.

"Vibaya vipi?"

"Ikivutwa, iachie. Ikinasa mahali, nguo ibaki, farasi na mtoto waende zao."

Mtoto mwenyewe ni binti wa kaka yangu. Kwenye maonyesho ya farasi aliigiza malkia, na joho moja refu lilitoka mabegani kwake mpaka kwenye mkia wa farasi.

Mengine nilitii. Taji nililibandika juu ya helmeti. Macho na masikio ya farasi niliyaacha wazi. Hata kitambaa tulimzoesha siku nne, mpaka akaacha kukishtukia.

Ila pale mabegani, pa kushikiza tu kwa uzi mmoja... jamani, mkono uligoma. Mshono wangu hauachii, mji mzima unajua. Joho lidondoke mbele ya umati, nisemwe nimelipua kazi?

Nikapiga uzi wa nailoni, mara mbili. Kimya kimya.

Nikampa wifi yangu, mama wa mtoto, akalipige pasi. Pasi tu, maana wifi na sindano ni paka na panya.

Siku ikafika. Wanatoka langoni, upepo ukalipeperusha joho, likanasa kwenye komeo la geti. Farasi akachomoka mbele.

Nikajua nimeua. Nilimwona mtoto anavutwa nyuma, mguu mmoja umeshatoka kwenye kikuku cha kukanyagia.

Chwaa!

Joho likaachia, likabaki linaning'inia getini. Farasi akaenda hatua chache, akatulia. Mtoto juu, mzima, anacheka. "Shangazi, umeona?"

Mungu anisamehe. Badala ya kumkimbilia mtoto, nilikimbilia joho. Nikageuza mabega: mishono mirefu, imepinda, uzi wa pamba!

"Nani kaniharibia kazi?"

Wifi alikuwa nyuma yangu.

"Ni mimi. Nilipokuwa napiga pasi niliona nailoni yako, nikaifumua, nikashikiza kwa pamba. Mtunza farasi alisema tukiwa wote, wifi. Mimi nilimsikia. Wewe hukusikia?"



Mtunza farasi akaja mbio, akanishika mkono. "Hongera fundi! Umeshona vibaya kabisa!"

Watu wakapiga makofi. Nilitaka kusema ukweli. Wifi akanikonyeza ninyamaze. Huruma yake iliniuma kuliko matusi.

Mafundi wenzangu, sifa ni tamu, lakini haimdaki mtoto akianguka. Ukiambiwa kazi inataka nini, fanya hivyo.

Wifi hajamwambia mtu mpaka leo. Kaka, najua uko humu kundini unasoma. Mwanao yu hai kwa mkono wa mkeo. Wangu ulikuwa unamuua.