Mikono ya Godeberthe na Mapaja ya Afsa

Godeberthe alikanda mapaja ya watu miaka miwili hapo Mbarara, na miaka yote hiyo sikumwona amekaa na mikono iliyotulia. Hata akila, kidole gumba cha kulia kilitetemeka juu ya ugali. Mimi nilikuwa nasuka nywele upande wa pili wa pazia. Nitasema niliyoyaona, pamoja na niliyoyasikia, maana pazia halizibi masikio.

Hakuja Uganda kukanda mapaja. Kwao Fizi, huko Kongo, alikuwa mkandaji wa wazazi. Mwanamke akijifungua, aliitwa yeye, na alikuja na kitambaa, maji ya moto na ukanda wa kitenge wa kufunga tumbo. Siku ya kwanza aliuzungusha ukanda tumboni na kufunga fundo dogo pale ncha ilipofikia. Baada ya siku kadhaa alipima tena na kufunga fundo jingine, ili mzazi aone mwenyewe kwamba tumbo linarudi. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale aliendelea vilevile, ila Nakivale mzazi humpa mkandaji shukrani na mahindi, basi. Kwa hiyo Halimah, mwenye saluni ya Mbarara, alipomwita, alikwenda. Siku za kazi tulilala chumba cha nyuma, Jumamosi jioni tukarudi kambini.

Halimah ni mchapakazi na sina ugomvi naye, isipokuwa ule wa kila siku. Aliona kwenye simu kwamba wanawake wa Kampala wanakandwa ili kuondoa selulaiti, yaani vile vishimo vya mapaja na makalio ambavyo karibu kila mwanamke anavyo. Basi akachanganya unga wa kahawa na mafuta ya nazi, akanunua kikombe cha mpira cha kunyonya ngozi, akaandika bango. Kila baada ya mkando alipiga picha, mguu ungali na moto na umevimba kidogo. Pichani paja lilikuwa laini kweli. Kesho yake asubuhi vishimo vilikuwa mahali pake, lakini asubuhi hakuna aliyepiga picha.

Afsa alikuja ikiwa imebaki miezi miwili aolewe. Ni binti wa wenye duka la vitambaa, mwenye adabu, mnene wa kupendeza, na alificha mapaja hata mbele yetu wanawake wenzake. Siku moja nilimsikia akimweleza Godeberthe habari za bibi yake.

"Jaja yangu, kabla ya kuolewa, walimnywesha maziwa mpaka alishindwa kusimama. Alilia kwa sababu hanenepi haraka. Sasa mimi nalia kwa hii."

"Bibi yako akikuona leo atafurahi," Godeberthe alimjibu.

"Si jaja ananioa, Mama Alida," alisema Afsa, akimwita kwa jina la binti yake. "Kanda na nguvu."

Akakanda kwa nguvu. Afsa aliamini kwamba pasipouma hapafanyi kazi, na Halimah naye aliamini hivyohivyo, au alijifanya. Godeberthe alimaliza akiwa amejaa jasho, kisha akaenda kutumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji.

Nilimuuliza kama kile kitu kinasaidia. Alitoa mfukoni ukanda wa kitenge na kunionyesha mafundo mawili, moja la siku ya kwanza ya Afsa, jingine la wiki ya tano. Yalikuwa yamekaa palepale, moja juu ya jingine. Vishimo vyenyewe alivitazama kwenye mwanga wa dirisha kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, na havikupungua hata kimoja.

Wiki hiyohiyo nilimsuka nesi mmoja anayekaa upande wa Ruharo, nikamuuliza kuhusu vishimo hivyo kwa sauti, ili Godeberthe nyuma ya pazia naye asikie. Nesi alisema ngozi ya mapaja imeshikwa chini kwa nyuzi, na mafuta yanasukuma juu katikati ya nyuzi hizo, kama godoro lililoshonwa. Kukanda kunalainisha kwa saa chache, pengine siku moja, halafu basi. Kahawa na krimu ni vivyo hivyo. Mwenye kupungua uzito au kufanya mazoezi huenda akaona nafuu kidogo, au asione. Kwenye miji mikubwa kuna madaktari wanaozikata zile nyuzi kwa sindano, wengine wana mashine, na hata hao hawaahidi kwamba mtu hatarudi kwao.

"Si ugonjwa," alisema nesi. "Mimi mwenyewe ninayo."

Nyuma ya pazia mikono haikusimama. Nilikasirika, sitaficha. Nilikasirika na Halimah, na Afsa, na Godeberthe pia, kwa kuwa alijua na akaendelea. Lakini mimi nilikuwa natia nywele za bandia vichwani na kusifu, kwa hiyo hasira yenyewe haikwenda mbali.

Kilichomuuma Godeberthe kilikuwa kwingine. Alida, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza kule Nakivale. Mama mkwe wake alibaki Fizi. Kwa desturi yetu mzazi wa kwanza hukandwa na mama yake, na Godeberthe, aliyekanda nusu ya wanawake wa kambini, alikuwa akiingoja zamu hiyo tangu Alida aanze kutembea. Kila jioni aliikunja na kuikunjua mikono, akaihesabia siku. Aliogopa itaisha kabla ya mtoto kuzaliwa.

Alida alijifungua Alhamisi, msichana, salama. Simu ilipokuja Afsa alikuwa amelala kitandani na kahawa mapajani, na ndoa ilikuwa imebaki siku kumi.

"Mutoto yangu amezaa," Godeberthe alimwambia Halimah. "Niko naenda kumukanda."

"Maama Alida, ngoja ndoa iishe. Ukienda sasa, kazi nitapatia mtu ingine."

Afsa aliinuka na kumshika mkono. "Nyabo, mama yangu, tafadhali. Siku kumi tu. Tumefika karibu."

Godeberthe akatoa ukanda, akauzungusha kwenye paja la Afsa na kumwonyesha ncha na mafundo.

"Tazama, mama. Hii ni ya siku ya kwanza. Hii ya juma la tano. Hii ya leo. Hatujafika fasi yoyote."

Afsa alitazama mafundo, akamtazama Halimah, ambaye alikuwa anatafuta kitu kwenye droo, kisha akamgeukia Godeberthe. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulinikanda wiki saba."

"Nilitaka kazi. Nisamehe. Miguu yako iko mizuri tangu siku ulikuja, lakini hayo si maneno ya kuuzia watu, ndiyo maana sikuyasema."

Afsa alijifuta kahawa taratibu, akavaa gauni lake refu na kutoka. Godeberthe alikunja aproni akaiweka juu ya kitanda. Halimah hakumfukuza, wala hakumzuia.

Nilimfuata Jumamosi. Nilimkuta ameketi mkekani kando ya Alida, maji ya moto mbele yake, analia bila sauti. Tangu Ijumaa alikuwa amejaribu. Vidole gumba havikukaza tena. Kitambaa kilimponyoka, na ukanda hakuweza kuuvuta mpaka ushike.

"Mama, mikono yako iliishia wapi?" Alida aliuliza, na sidhani alitaka kumuumiza.

"Iliishia Mbarara, kwa mapaja ya batu."

Nikavua kitenge cha begani, nikapiga magoti. Godeberthe aliweka mikono yake juu ya yangu na kuniongoza: hapa taratibu, hapa sukuma, pumzika, sukuma tena. Kiganja chake kilikuwa chepesi hata nikaona huruma. Kabla sijarudi Mbarara Jumatatu tulipima, na fundo jipya lilikuwa limesogea ndani upana wa vidole viwili.

"Ona," alisema Godeberthe. "Hapa inasogea."

Nesi aliwahi kuniambia kwamba tumbo la mzazi hurudi lenyewe, akandwe asikandwe. Nililikumbuka hilo pale pale. Sikulisema. Nilikuwa nimechoka, naye alikuwa amechoka kunishinda.

Alida ndiye aliyenyoosha mkono. Alichukua kitambaa cha moto kutoka kwangu, akakikamua, akavuta mikono ya mama yake mapajani kwake.

"Acha," Godeberthe alisema. "Muzazi hakandi mutu mbele ya siku makumi ine. Si desturi."

"Najua, mama," Alida alisema, na akaanza na kidole gumba cha kulia.