Walimuahidi kura, sasa wanaona haya kuja kusaga

Saa kumi na mbili kasoro robo, jua halijatoka vizuri. Mwanamke amesimama mlangoni pa chumba cha mashine ya kusaga, mkono mmoja kiunoni, anatazama uwanja alioufagia mwenyewe. Anahesabu madebe. Hayamchukui muda. Ni saba.

"Zamani saa kama hizi mlango wa choo ulikuwa hauonekani kwa madebe," anasema. "Sasa hivi hata kuku wanapita katikati, wanatamba."

Hapa foleni ni ya madebe, si ya watu. Mtu analeta debe lake la mahindi alfajiri, analiweka nyuma ya la mwenzake, anarudi nyumbani kuamsha watoto. Hakuna anayelisogeza. Kila debe lina alama yake: moja limepakwa rangi ya buluu mdomoni, jingine limebonyea ubavu, jingine mpini wake umefungwa kitambaa. Mama Mashine, kama mtaa mzima unavyomwita, anayajua yote. Jina la mtu anaweza kulisahau, ila debe la mtu halimpotei.

Ndiyo maana anajua pia yale ambayo hayapo.

Ana miaka arobaini na saba. Kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza ndani ya chumba hiki, kati ya mota, mkanda na mfuko mrefu wa kitambaa unaotema unga. Nyusi zake ni nyeupe kuanzia asubuhi hadi anapooga jioni. Sikio la kushoto limeshakufa kwa kelele, kwa hiyo anaongea kwa sauti kubwa hata anapodhani ananong'ona. Wateja humtania kwamba siri ukimpa Mama Mashine, umeitangaza sokoni.

Mashine si yake. Ni ya mzee mmoja mwenye nyumba za kupanga, ambaye yeye humwita Tajiri. Analipwa kwa debe: likija debe anakula, lisipokuja analala hivyo hivyo. Kabla ya uchaguzi alikuwa anasaga madebe sitini kwa siku. Wiki iliyopita, siku iliyokuwa na nafuu, alisaga ishirini na mawili.

Uchaguzi huo aligombea yeye mwenyewe. Udiwani.

"Sikuwa na wazimu wa siasa," anasema, akimimina debe la kwanza kwenye mdomo wa mashine. "Kadi ya chama nilikuwa nayo, lakini nilikuwa nafungia chumvi tu."

Kilichomtoa ni mvua ya miaka miwili iliyopita. Mwanamke mmoja jirani, mteja wake, alishikwa na uchungu. Zahanati ya mtaa haina chumba cha kujifungulia, ina meza moja na muuguzi mmoja, wakaambiwa waende kituo cha afya ng'ambo ya daraja. Kwa mvua ile hawakufika. Mwanamke alikaa chini hapa hapa, juu ya magunia matupu ya mahindi, na Mama Mashine akazima mota.

Mtoto alitoka. Hakulia.

"Nilimpangusa kwa kanzu yangu ya kazi," anasema. "Alikuwa na unga kichwani kama mtu mzima." Halafu anageuka, anaukaza mkanda ambao haujalegea.

Debe la mwanamke yule lina uzi mwekundu kwenye mpini. Baada ya arobaini ya mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia agombee. Alikuwa wa chama kingine, mwenye kadi na kitambaa cha kichwa cha chama chake. Alisema hilo halina neno.

Na hakuwa peke yake. Wanawake wa kule, wa chama hicho kingine, walikuja mmoja mmoja. Chama ni chama, walisema, lakini udiwani tunakupa wewe, mwanamke mwenzetu, unayejua tunazaa wapi. Ila kwenye chumba cha mashine huwezi kunong'ona. Ili usikike lazima upige kelele. Kwa hiyo ahadi zote zilipigwa kelele, mbele ya foleni nzima, na kila aliyeahidi alisikiwa na wenzake.

"Nakupa mimi!" mmoja alipayuka.

"Na mimi! Na mama mkwe wangu namleta!"

Mtu mmoja tu ndiye aliyekataa. Ni wifi yake, dada wa mumewe, mwenyekiti wa kina mama wa chama hicho kingine. Alisimama hapo hapo mlangoni na debe lake kichwani, akapaza sauti kuizidi mota.

"Wifi, mimi sikupi! Nakupenda, mtoto wako wa kwanza nilimbeba mimi, lakini kura sikupi!"

Foleni ilicheka hadi mtu akamwaga mahindi. Mama Mashine hakucheka. Mwezi mzima wakawa wanasalimiana kama wapangaji wasiopatana.

Siku ya uchaguzi alifungua mashine saa tisa usiku ili kina mama wawahi kituoni bila kuwaza unga wa watoto. Alisaga madebe arobaini na nne. Hakuuliza debe la nani ni la chama gani. Akaenda kupiga kura ya kwake saa nane mchana, nyusi nyeupe, watu wa foleni wakampigia makofi.

Jioni karatasi ya matokeo ikabandikwa kwenye mlango wa darasa. Ameinakili kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha mfuko wa saruji, na bado anacho, kimekunjwa mara nne nyuma ya swichi.

Mgombea ubunge wa chama chake, mwanaume, alipata kura 140 katika kituo kile. Wa chama cha wifi, 133. Kwenye karatasi ya udiwani, mpinzani wake, mwenye duka la mbao, alipata 212. Yeye alipata 61.

"Chumba kimoja, siku moja, watu walewale," anasema. "Mia na arobaini wanakipenda chama changu. Sitini na moja wananipenda mimi. Hao sabini na tisa walivuka, wakampa wa kule. Na kama kuna mama hata mmoja wa kule aliyenipa, basi wa kwangu waliohama ni zaidi ya hapo."

Watu walikuwa wakibishana mtaani kama mgombea akiwa mwanamke wapigakura wanaweza kuruka ukuta wa vyama. Waliruka kweli. Tatizo ni upande waliorukia.

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ni mmoja wa walioruka, na hafichi. Picha ya mgombea ubunge wa chama chake bado imebandikwa kwenye sanduku lake la misumari.

"Mimi chama sijahama," anasema, gundi ikimning'inia kidoleni. "Nilihama siku moja, kwenye karatasi moja. Yule mama ni mtu mzuri, unga wake hauna mchanga. Lakini mwanamke ukimpa kata, kesho na wa nyumbani kwako anakupangia ratiba."

"Na mwenye mbao atajenga chumba cha kujifungulia?"

Anaangalia kiatu. "Labda. Mbao si anazo."

Mume wa Mama Mashine ni mwashi. Ni wa chama kilekile cha mkewe. Miezi ile ya kampeni wenzake kazini walimsumbua. Akichelewa wanamwambia, "Bwana harusi, umeruhusiwa kutoka?" Akiondoka mapema, "Kimbia, mheshimiwa atakufungia nje." Siku ya matokeo alikaa nje ya nyumba hadi giza likaingia, akisafisha mwiko uliokuwa safi.

Je, alimpa kura?

Mama Mashine anachota unga kwa kiganja, anausugua kati ya vidole kupima ulaini wake, anaurudisha.

"Simuulizi. Kuna swali ukiliuliza unabomoa nyumba, na mwashi ndiye huyohuyo."

Alidhani kushindwa ndiyo mwisho wa maumivu. Wiki iliyofuata madebe yakaanza kupungua. Kwanza lile la buluu. Kisha lililobonyea. Siku ya tano uzi mwekundu nao haukuonekana. Hakuna aliyegombana naye. Wanawake waliompigia kelele za ahadi walianza kubeba mahindi hadi mashine ya ng'ambo ya daraja, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, debe kichwani.

Muuza nyanya mmoja wa sokoni ni kati yao. Anapoulizwa kwa nini anajitesa, anapanga nyanya zilizokwisha kupangwa.

"Nitamtazama kwa macho gani? Niliapa watu wote wakisikia."

"Kwani hukumpa?"

"Nilipanga kumpa, Mungu anajua. Nilipofika mle ndani, mkono ukaenda kulekule ulikozoea. Umeshatoka, huwezi kurudi ukasema naomba karatasi nyingine." Anainua kichwa. "Halafu yeye alitusagia siku ile. Tangu saa tisa za usiku. Unga ule uliniwia mgumu kuupika."

Tajiri hana habari na aibu za watu. Alikuja Ijumaa, hakukaa. Alisema umeme unaliwa bure, na kama mwezi ukiisha madebe hayajarudi, atamweka kijana wa ndugu yake. "Siasa zako zimenikimbizia wateja," alimwambia. Miaka kumi na tisa ikamalizwa kwa sentensi moja, mlangoni, gari likiunguruma.

Asubuhi hii debe la saba halijamalizika kumiminwa wakati wifi anapoingia, kitambaa cha chama chake kichwani kama kawaida. Tangu uchaguzi hajakosa hata siku moja. Katika wote wa upande ule, ni yeye tu anayekuja mchana kweupe.

"Wifi, mbona uwanja mweupe hivi? Umefiwa?"

"Nimefiwa na wenzio. Wanaume wangu wamenikimbia kwenye sanduku, wanawake wako wananikimbia kwenye unga."

"Wakome. Nani aliwatuma kuahidi? Mimi nilikwambia mapema, nikalala usingizi wangu."

Mama Mashine anazima mota. Kimya kinaanguka ghafla, hadi kuku anashtuka.

"Nilikuchukia wewe," anasema. "Wale nikawapenda."

"Najua. Ulinipimia unga kwa kunikunjia uso mwezi mzima."

"Na sasa ni wewe tu unayeniangalia."

Wifi anaokota punje mbili za mahindi sakafuni, anazirudisha kwenye debe. Mwishowe anauliza, "Tajiri amesema lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Siku kumi na moja."

"Mkutano wenu wa kina mama ni lini?"

"Jumamosi. Unataka nikuombee msamaha? Wao ndio wakosaji."

"Sitaki msamaha wa mtu. Waambie walete madebe tu, nyuso wabaki nazo. Wayaweke uwanjani alfajiri, waende. Nikimaliza nayatoa nje, naingia ndani, mlango naurudisha. Malipo waache kwenye kopo. Sitachungulia."

"Na wewe na mdomo wako mkubwa utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Hilo ndilo sitaliamini," anasema wifi, na kwa mara ya kwanza tangu karatasi ibandikwe, wote wawili wanacheka. Hawacheki sana.

Jumatatu inayofuata, saa kumi na mbili kasoro, uwanjani kuna madebe thelathini na moja. Hakuna mtu. La buluu limerudi, lililobonyea limerudi. Yamejipanga kimya, moja nyuma ya jingine, kama watoto walioitwa na mwalimu mkali. Mwishoni kabisa, pembeni kidogo na mengine, lipo la uzi mwekundu.

Mama Mashine anayasaga kwa zamu, halirukwi lolote. Lile la mwisho linapofika, mengine yote yakiwa yameshachukuliwa, anatikisa mfuko wa unga hadi hakibaki kitu ndani. Analifunika kwa gunia safi vumbi lisiingie, analitoa nje, anaingia, anarudisha mlango. Kisha anazima mota. Hana haja ya kuizima. Umeme upo na pumba za kuku zinasubiri. Anageuza kichwa, sikio la kulia likielekea mlangoni.

Madebe thelathini na moja ni kama nusu tu ya yale sitini ya zamani. Zimebaki siku tano, na Tajiri hajasema ni mangapi yanamtosha. Akiulizwa kama atagombea tena miaka mitano ijayo, anajibu kwamba kwanza aone kama mwezi ujao atakuwa na kazi. Lakini ameshaliwaza.

"Safari nyingine sitauliza nani ananipa," anasema, akijitahidi kunong'ona. "Nitauliza nani hanipi. Huyo ndiye nitamkalisha hapa kwenye magunia tuongee mpaka—"

Ananyamaza. Anainua kidole.

Nje kuna hatua. Sarafu zinaanguka kwenye kopo. Mpini wa debe unalia, kisha hamna kitu, kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kuinua debe. Halafu hatua zinaanza tena, nzito kwa mzigo, zinapotelea barabarani.

Mama Mashine hajasogea. Unga unateremka taratibu kutoka kwenye nyusi zake.

"Umesikia?" anauliza. "Alisimama kwanza."