Chungu cha Jirani

Mwalimu wetu wa historia alikuwa mtu mchangamfu, na uchangamfu huo ndio ulioniudhi. Nilikuwa nimetoka kazini Takoma Park, hapa Marekani, ninakohudumia wazee, nikaingia darasani na sare yangu. Somo lilikuwa Wamaya wa kale na majirani zao. Alituonyesha picha za visu vya jiwe la kijani la volkano, vilivyotoka mbali huko Meksiko ya kati vikaja kukutwa katika miji ya Wamaya. Kisha vyungu vya mtindo wa kigeni, vilivyochimbuliwa humo humo.

"Mnaona?" akasema. "Biashara ilifuta mipaka. Wageni na wenyeji wakawa kitu kimoja."

Nikanyoosha mkono. Nikamwambia kwamba mama yangu alikuwa akitoka Uvira, kwetu Kongo, na kuvuka mpaka kwenda Bujumbura, Burundi, kuuza sufuria. Wateja walimzoea, wakawa wanakula naye, watoto wao wakamwita shangazi. Wali wa harusi zao ulipikwa katika sufuria zake. Vurugu zilipoanza, wateja hao hao wakamnyooshea kidole: huyu si wetu, msikilizeni anavyotamka. Alirudi kwa miguu, mikono mitupu.

"Mtu akija kuchimba pale akakuta sufuria za mama," nikasema, "atasema tulikuwa kitu kimoja? Chungu kinaonyesha kwamba mtu alipata chungu. Unajuaje mengine?"

Akatabasamu. "Asante kwa kutushirikisha hisia zako." Akaleta picha nyingine, ya kakao.

Hisia! Nimemuuliza swali, yeye ananipa pole. Huenda Wamaya waliishi vizuri na wageni wao, mimi sijui. Nilitaka aniambie yeye anajuaje. Niliendesha gari hadi nyumbani Laurel nikiwa nimeuma meno.

Mama alikuwa jikoni akichambua maharage. Nikamsimulia yote, nikitegemea tutakasirika pamoja.

"Weye, uliendaka kusema habari yangu mu masomo?"

"Nilikuwa nakutetea, Mama."

"Nilikutuma?" Akasukuma sinia. "Ile siku ni yangu. Sasa watu wenye hata siwajui wanajua vile nilifukuzwa."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Chakula nilichompelekea hakukigusa. Hasira yangu kwa mwalimu ikazidi, maana sasa nilikuwa nimemuumiza mama bila kupata jibu.

Wiki iliyofuata nikauliza tena, bila kumtaja mama. Mwalimu akasema tutalirudia swali hilo. Kozi iliisha hatujalirudia.