Ngome Iliyoguswa

Walimwita Mama Saa, ingawa mkononi hakuwahi kuvaa saa. Jina alipewa na wachezaji wa sataranji, kwa sababu katika mashindano yale makubwa ya kimataifa ndiye aliyepita meza hadi meza akizijaza ufunguo saa za mezani na kuhakikisha hakuna inayomwibia mtu dakika zake.

Alianza kazi hiyo akiwa msichana, mashindano yenyewe yakiwa bado machanga. Mabingwa wachache wa nje walikusanyika katika ukumbi wa hoteli uliojaa moshi wa sigara, naye akawa anasogeza kete kubwa za mbao kwenye ubao wa ukutani ili watazamaji waufuate mchezo. Miaka ikapita. Sigara zikapigwa marufuku, zulia likabadilishwa, mabingwa wakaota mvi na kuwapisha vijana, na ukuta wa ukumbini ukajaa picha za washindi. Naye akapanda taratibu, kutoka ubaoni hadi kuwa mwamuzi. Lakini katika picha zote zile hakuwamo mwenyeji hata mmoja. Kazi ya wenyeji ilikuwa kupiga makofi.

Ndiyo maana mtoto wa kaka yake alipoalikwa kucheza, kisha akaanza kuwaangusha wakubwa mmoja baada ya mwingine, mji mzima ulivimba kichwa. Kufikia siku ya mwisho alihitaji sare tu, na picha yake ingepanda ukutani.

Kijana huyo alijifunzia mchezo nyumbani, magotini pa shangazi. Na nyumbani kwao kulikuwa na desturi yao wenyewe, waliyoirithi kwa baba yao: kidole kikiwa bado juu ya kete, mtu hajacheza. Unaiinua, unaijaribu huku, unaijaribu kule, ukiogopa unairudisha. Kwenye mashindano hakuna kubembelezana hivyo. Ukigusa kete yako wakati wa zamu yako, umeichagua, utaicheza. Ukitaka tu kuinyoosha ikae vizuri, sema kwanza, "Naweka sawa." Mama Saa alikuwa amemwonya kijana mara nyingi. Lakini onyo la ukubwani hupigana na malezi ya utotoni, na malezi ndiyo yenye misuli.

Yeye mwenyewe alichukua tahadhari mapema. "Yule ni damu yangu," alimwambia mkuu wa waamuzi. "Usinipe meza yake."

Mkuu akampa upande wa pili wa ukumbi. Ila siku ile ya mwisho watu walisukumana mlangoni hadi mwamuzi wa meza ya kijana akaitwa kwenda kuwatuliza. Mkuu akamwonyesha Mama Saa kwa kidole: simama pale.

Akasimama. Miaka ile kamera zilikuwa bado hazijaning'inizwa juu ya meza. Mpinzani, bingwa mmoja mzee mwenye koti lililochakaa viwiko, alikuwa amecheza, akabonyeza saa, akaenda kunywa maji. Zamu ilikuwa ya kijana. Akainamia ubao huku jasho likimtiririka shingoni. Mara akanyoosha mkono, akaishika ngome yake kwa vidole viwili, akainyanyua.

Hapo akaona. Ile ngome ilikuwa ndiyo mlinzi wa mlango wa mfalme. Ilikuwa na njia moja tu, kwenda mbele, na ikienda mbele mfalme amekwisha. Akairudisha polepole, akaizungusha kidogo kama mtu anayeinyoosha tu, akavuta mkono. Kisha akainua macho, yakagongana na ya shangazi yake.

Watazamaji walikuwa mbali, na bega la kijana liliwaziba. Bingwa mzee alikuwa bado na glasi mdomoni. Mama Saa alihisi ulimi umekuwa mzito kama jiwe la kusagia. Angetazama pembeni tu, basi. Nani angemuuliza? Lakini saa ya mezani iliendelea kugonga, tik, tik, na kila pigo moja lilimpunguzia haki ya kuitwa mwamuzi. Kunyamaza nako ni kucheza. Ni kumchezea mmoja dhidi ya mwenzake aliyekwenda kunywa maji akiamini nyuma yake kuna mtu mzima.

Akanyoosha mkono, akasimamisha saa.

"Umegusa ngome," alisema kwa sauti ya chini. "Utaicheza ngome."

"Nilikuwa naweka sawa."

"Hukusema."

"Shangazi," kijana alinong'ona, "hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona. Na hapa mimi si shangazi."

Bingwa mzee akarudi, akauliza kuna nini. Mama Saa akamweleza. Mzee akautazama ubao, akaketi. Saa ikawashwa. Kijana aliisukuma ngome mbele kama anayesukuma jeneza, na baada ya hatua chache akamlaza mfalme wake.

Jioni ile kaka mtu alimjia dada yake hadi mlangoni, akakataa kuingia.

"Damu nzito kuliko maji, dada. Au wewe yako wameipima hotelini?"

"Nzito, kaka. Ndiyo maana haioshi."

"Hongera basi!" wifi yake alidakia kutoka nyuma. "Wakikupa medali ya kuua jamaa, utualike!"

Wakaondoka. Msimu mzima hapakuwa na mguu wa ndugu uliokanyaga kizingiti chake. Picha ya bingwa mzee ikapanda ukutani, na kwenye mashindano ya mwaka uliofuata Mama Saa aliipita kila siku akienda kujaza saa. Hakujuta, lakini pia hakulala vizuri. Haki haina mto laini.

Siku moja mchana, mlango ukagongwa. Alikuwa kijana, na ubao kwapani. Hakuamkia. Aliketi, akapanga kete, nyeupe upande wa shangazi, kisha akaikalia mikono yake miwili kama mtoto aliyekatazwa sukari.

"Cheza," alisema.

Walicheza. Kila zamu yake ilipofika alifikiri kwanza huku mikono imebanwa chini ya mapaja, ndipo akautoa mmoja. Mama Saa alimtazama, hata zamu ilipomrudia yeye. Katika kumtazama huko akaona malkia wake amekaa upande upande, na vidole vyake, vilivyozoea kunyoosha kete za watu miaka nenda rudi, vikaenda vyenyewe kumnyoosha.

"Shangazi," kijana alisema, "umegusa malkia."

"Nilikuwa naweka sawa."

"Hukusema."

Mama Saa akautazama ubao. Hapakuwa na mraba hata mmoja ambao malkia yule angekanyaga akasalimika. Akamshika kwa vidole viwili, akamsogeza mbele, mdomoni mwa farasi.

"Haya," alisema. "Mle."