Askari Aliyeomba Maji

Juzi mtangazaji wa televisheni alisema waasi wanaukaribia mji, nami nikakumbuka alasiri moja ya Jumapili nyumbani kwetu mtaani Nguba, wakati wa vita, nikiwa bado mtoto. Mama alikuwa uani akikaanga sambaza, na harufu ya samaki hao wadogo ilijaa nyumba nzima. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa kando yake akisoma gazeti la zamani, maana mapya hayakuwa yakifika tena. Kila siku redio ilisema waasi wameuteka mji, na kanisani katekista alitufundisha kwamba muasi ni mtu aliyemwacha Mungu. Kwangu mimi walikuwa watu wale wale.

Askari mmoja akaingia uani, bunduki begani, akaomba maji. Nilimpelekea kikombe, nikamuuliza kwa adabu, nikimwita mjomba kwa Kifaransa:

“Tonton, we iko muasi?”

Mafuta yaliendelea kuchemka, lakini mama aliacha kugeuza samaki. Leo najua kuna watu waliouawa kwa neno hilo.

“Nani alikuambia vile?” askari aliuliza.

“Katekista. Alisema waasi wanapashwa kutubu. We ulishatubu?”

Alikunywa kwanza maji yote, taratibu.

“Bado,” alisema. “Uniombee.”

Akanirudishia kikombe, akaondoka. Mama alinishika mkono kwa nguvu.

Tulipokaa kula nilimwombea yule askari kwa sauti, kama alivyoniagiza. Papa, ambaye siku zote ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia, safari hii alimtazama mama kwanza. Kisha akasema amina.