Mijohoro Yenye Pete Nyeupe

Barabara yetu katika kambi ya wafanyakazi ya Panda ilipangwa na mtu aliyelijua jua. Nyumba za upande wetu zilitazama magharibi, na mbele ya kila nyumba palipandwa mjohoro, ili jua la saa tisa liangukie majani kwanza, mabati baadaye. Hatukuwahi kulifikiria hilo mpaka kampuni iliposimama na watu wakaanza kukata miti kuchoma makala, yaani mkaa.

Barabara ya nyuma yetu ilitangulia. Miti yao ilikwisha kabla ya mvua, katika ule mwezi wa kumi unaokausha hata mate. Kuanzia hapo, kila adhuhuri, walibeba viti vyao wakaja kukaa chini ya miti yetu.

“Tumekuja kuwasalimia,” walisema.

“Salamu zenu zina jasho,” niliwajibu, nikiwauzia vitumbua.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Baba na mama walikuwa wamekwisha kufa, shule nilikuwa nimeiacha, na wadogo zangu watatu walikula kutokana na sufuria iliyokaa chini ya mjohoro wetu. Bila kivuli, wateja wangekwenda kwingine, na kitinda mimba wetu angelala mchana ndani ya nyumba iliyogeuka kikaango.

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara alikuwa dereva wa gari-moshi la kiwandani. Sasa alichoma makala. Ijumaa moja alikuja na kuupigapiga mti wetu kama mtu anayepima mbuzi sokoni.

“Yaya, huu muti haikuwa ya marehemu papa yenu,” alisema; yaya kwetu ni dada mkubwa. “Ni ya kampuni. Na kampuni iko wapi? Jumatatu ninaikata.”

Aliamua kuanza na wetu, si wake. Kwetu hapakuwa na mtu mwenye ndevu wa kumbishia.

Nilikumbuka kitu ambacho kila mtoto wa kambi alikijua. Zamani, mkubwa wa kampuni alipokaribia kuja, wafanyakazi walipaka mashina ya miti pete za chokaa. Mti wenye pete haukuguswa. Hata mbuzi walifungwa mbali nao.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nilivaa salopeti, ovaroli ya baba, miguu ya suruali imekunjwa mara kadhaa, na kofia yake ngumu ya kazini. Chokaa tuliikuta kwenye banda. Baba aliiweka kwa ajili ya choo. Mdogo wangu wa kwanza alibeba ndoo. Wa pili nilimpa kamba apime vitu visivyohitaji kupimwa, na nikamkataza kucheka. Tulianzia mwanzo wa barabara, mbali na kwetu, ili ionekane ni kazi.

Mama mmoja alitoka na ufagio mkononi.

“Eh! Kampuni inaandika banamuke sasa?”

“Banaume walichoka kungoja, mama.”

“Na nani anakuya?”

“Miye niko mutu wa chokaa tu. Bakubwa hawaniambiake kitu.”

Sikusema uongo hata mmoja. Hata hivyo, kufikia saa sita, vinywani mwa watu, mkubwa alikuwa anakuja kwa gari-moshi. Kufikia jioni alikuwa anakuja kwa ndege, pamoja na magunia ya unga. Jumapili, baada ya misa, watu walizibua mitaro. Mzee mmoja alinyoa ndevu alizokuwa akizifuga tangu kazi isimame.

Jumatatu jirani alivuka barabara na shoka lake. Aliukuta mti wetu una pete. Akaikwangua kwa ukucha, akanusa.

“Hii ni chokaa ya choo,” alisema kwa sauti ya chini. “Ni weye ulifanya hivi. Nani alikutuma?”

“Jua, papa.”

Alifungua kinywa anitangaze. Lakini nyuma yake walikuwa wamekusanyika majirani, na mzee aliyenyoa ndevu akasema, “Gusa muti ya mukubwa, unga ikose kuja, tutakula weye.” Kisha mke wa jirani akapaza sauti kutoka ng'ambo:

“Na kwetu? Nyumba zote ziko na pete, sisi tu hapana! Walitufuta?”

Chokaa ilikuwa imeniishia mbele ya mlango wao. Kwa kweli nilikuwa nimebakiza kidogo, makusudi.

Jirani aligeuka akautazama mti wake. Shoka lilishuka polepole.

“Imebaki kidogo?” aliuliza.

“Kidogo, papa. Nitaongeza maji.”

Alipaka mti wake mwenyewe, mara mbili, pete pana kuliko zote za barabara. Mchana ule, watu wa barabara ya nyuma walipofika na viti, aliwasimamisha katikati ya njia.

“Mbali na pete! Hii ni miti ya mukubwa!”

Ikabidi mimi nimbembeleze na kumwongezea vitumbua viwili, ndipo akawaachia wateja wangu kivuli.